Kanuni za mahakama ziko wapi, na je, nimkabidhi wakili wa kampuni simu yangu?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wetu anaishi Dallas, Texas. Alifukuzwa kazi katika ghala moja baada ya kulalamikia ubaguzi, akapeleka malalamiko EEOC, tume ya shirikisho inayoshughulikia ubaguzi kazini, akapata barua ya kumruhusu kushtaki, akafungua shauri mwenyewe bila wakili katika mahakama ya shirikisho. Siku hiyohiyo aliitumia kampuni barua ya kudai video za kamera na barua pepe za wasimamizi, nakala akaipeleka mahakamani. Kampuni haikujibu. Akaomba mahakama iilazimishe, maombi yakatupwa kwa sababu hayakuwa na "certificate of conference", yaani cheti cha kuonyesha kwamba alishauriana kwanza na upande wa pili. Sasa wakili wa kampuni amemtumia rasimu ndefu ya makubaliano kuhusu ushahidi wa kielektroniki. Anataka simu yake yote inakiliwe, pamoja na grupu la WhatsApp ambamo wafanyakazi wa Kikongo, Kitanzania na Kikenya huzungumza Kiswahili. Anauliza: kanuni hizi zote zimeandikwa wapi? Je, nikabidhi simu? Na je, naweza kwanza kufuta mambo ya familia?

Jibu

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana hilo haliwezi kungoja kesho. Usifute chochote. Mambo ya familia si ushahidi, ni kweli, na kwa kawaida hakuna atakayekulazimisha kuyatoa. Lakini ukianza kupunguza simu leo, siku utakapohojiwa chini ya kiapo utaulizwa ulifuta nini, na hutakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba zilikuwa picha za harusi tu.

Sheria inakutaka uhifadhi kila kinachohusu shauri tangu siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba mtaishia mahakamani. Kwako siku hiyo haikuchelewa kupita ile uliyokwenda EEOC. Kanuni ya 37(e) ya Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ilivyoandikwa upya mwaka 2015, inasema hivi: taarifa ya kielektroniki ikipotea kwa sababu hukuchukua hatua za maana kuihifadhi, na haiwezi kupatikana kwingine, jaji anaweza kutoa amri ya kuponya hasara aliyoipata mwenzako. Akiona ulidhamiria kumnyima ushahidi, anaweza kuwaambia wazee wa baraza wachukulie kwamba kilichofutwa kilikuwa dhidi yako, au akalifuta shauri lenyewe.

Fungua lile grupu sasa hivi, gusa jina lake, uangalie kama ujumbe unaotoweka umewashwa. WhatsApp ina saa 24, siku 7 na siku 90. Izime, kama ni admin tu anayeweza, mwandikie admin, na uhifadhi ujumbe uliomwandikia. Ujumbe uliotumwa kabla ya kuzima bado utatoweka muda wake ukifika, kwa hiyo hamisha mazungumzo yote leo, pamoja na picha na voisi, uyaweke mahali pawili. Simu usiiuze, usimpe mdogo wako, usiirudishe ilivyotoka kiwandani. Wala usidhani ni watu wadogo tu wanaoshikwa kwa hili: mwaka 2023 jaji wa shirikisho San Francisco, katika shauri la kampuni ya michezo ya video Epic Games dhidi ya Google, aliikuta Google imewaachia wafanyakazi waamue wenyewe kuhifadhi soga ambazo vinginevyo zilijifuta baada ya saa 24. Hakufurahi.

Hilo likishafanyika, tuje kwenye kanuni.

Marekani ina wilaya 94 za mahakama za shirikisho. Zote zinafuata kitabu kimoja, zile Kanuni za Shirikisho nilizozitaja juu, kilichoanza kutumika mwaka 1938, lakini Kanuni ya 83 ya kitabu hicho inawaruhusu majaji wa kila wilaya kutunga kanuni zao za ndani, mradi zisipingane na za juu wala kuzirudia. Chini ya hizo kila jaji ana masharti yake binafsi. Chini kabisa kuna amri zilizotolewa katika shauri lako wewe. Wanaojitetea wenyewe karibu wote huanza juu, kwenye kitabu kikubwa, wakachoka kabla hawajafika kwa jaji wao. Soma kinyume: anza na karatasi yenye namba ya shauri lako, kisha jaji, kisha wilaya, kisha kitabu kikubwa. Kile kilicho karibu zaidi na faili lako ndicho kinachokuambia tarehe, urefu wa hoja, na kama unaruhusiwa kuwasilisha maombi kabla ya kuomba kikao cha simu na jaji.

Namba ya shauri yenyewe itakuonyesha pa kwenda. Katika Wilaya ya Kaskazini ya Texas tarakimu ya kwanza ni kituo: 3 ni Dallas, 4 ni Fort Worth, 5 ni Lubbock. Zinafuata tarakimu mbili za mwisho za mwaka, halafu "cv" kuonyesha ni shauri la madai, halafu namba, na mwishoni herufi. Herufi hizo ni za jaji wako. Zikiwa mafungu mawili, la pili ni la hakimu anayemsaidia, na Dallas mashauri ya wasio na wakili kwa kawaida hupelekwa kwa hakimu kwa hatua zote za awali. Kwa hiyo masharti ya kusoma kwanza huenda ni ya hakimu. Nimeona watu wakikariri masharti ya jaji ambaye jina lake liko kwenye faili lakini karatasi zao hazigusi mezani kwake kwa mwaka mzima.

Tovuti ya mahakama yako ni txnd.uscourts.gov. Muundo huo ni wa nchi nzima: jimbo, upande, wilaya. Ndugu yako wa Columbus, Ohio, atafungua ohsd, na wa Minneapolis atafungua mnd. Ukiingia, tafuta sehemu tatu: kanuni za ndani za mashauri ya madai, amri maalumu za mahakama, na ukurasa wa majaji wenye masharti ya kila mmoja. Pakua toleo jipya na uangalie tarehe ya kuanza kutumika kwenye ukurasa wa kwanza. Kanuni za shirikisho zikibadilika hubadilika tarehe 1 Desemba. Za wilaya zina kalenda yao. Nakala uliyopewa na rafiki aliyeshtaki miaka mitatu iliyopita ifungie vitumbua.

Namba za kanuni za ndani si za kubahatisha. Kanuni ya 83 inataka zifuate namba za kitabu kikubwa, kwa hiyo LR (local rule, yaani kanuni ya ndani) 7.1 ya Dallas inaning'inia kwenye Kanuni ya 7 ya shirikisho, inayohusu maombi, na LR 56 kwenye Kanuni ya 56. Ukilijua hilo hutahangaika na faharasa.

Sasa soma LR 83.14. Ni fupi: asiye na wakili lazima azisome na kuzifuata kanuni za wilaya na za shirikisho. Utasikia watu wakisema mahakama huwahurumia wanaojitetea. Huruma ipo, lakini ina mpaka wake. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika Haines dhidi ya Kerner, mwaka 1972, hati ya madai ya mtu asiye na wakili husomwa kwa moyo mkunjufu kuliko ya wakili. Moyo huo hauhusu tarehe wala vyeti.

Ndiyo maana maombi yako yalitupwa. LR 7.1 inamtaka anayeleta maombi azungumze kwanza na upande wa pili, kisha aambatishe cheti kinachoeleza mlizungumza lini, nani na nani, na kwa nini hamkuelewana. Au kama mwenzako hakupatikana, ulimtafuta vipi. Katika kanuni hiyohiyo kuna jedwali linaloonyesha maombi yapi yanahitaji mashauriano na yapi yanahitaji hoja za maandishi. Lichapishe, libandike ukutani. Maombi ya kulazimisha utoaji wa ushahidi yanadaiwa cheti mara mbili, maana Kanuni ya 37(a)(1) ya shirikisho nayo inakitaka. Ambatisha pia rasimu ya amri unayotaka jaji aisaini, wengi huisahau.

Usivunjike moyo lakini. Soma upya amri iliyotupa maombi yako: ikisema yametupwa bila kuzuia kuletwa tena, unaweza kuyarudisha yakiwa kamili. Kanuni ya 83(a)(2) nayo inasema mtu asipoteze haki yake kwa kukosea sharti la umbo tu, ikiwa hakukusudia. Umbo ni ukubwa wa herufi, pambizo, kichwa cha hati. Kuchelewa si umbo.

Kuna chanzo kimoja ambacho hutakikuta kwenye orodha ya kanuni. Mwaka 1988 majaji wa wilaya hii walikaa wote pamoja na kutoa uamuzi katika shauri la Dondi Properties dhidi ya Commerce Savings & Loan, wakiweka viwango vya adabu kwa mawakili wa hapa: kuheshimiana, kutokataa ombi dogo la muda kwa ukorofi tu, kushirikiana katika kupeana ushahidi. Uamuzi huo unatajwa katika amri za Dallas mpaka leo. Ukimwandikia wakili wa kampuni mara mbili akanyamaza, andika barua ya tatu kwa upole, mtajie Dondi, na uweke tarehe. Barua hiyo ndiyo itakayokuwa kielelezo cha cheti chako.

Kuhusu kuwasilisha nyaraka. Mawakili wanatakiwa kutumia mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Kwa asiye na wakili, Kanuni ya 5(d)(3) inaiachia kila wilaya iamue kwa kanuni yake au jaji kwa amri. Ya kwenu ni LR 5.1, isome kabla ya kujiandikisha, na ukibaki na karatasi, humo humo utaona habari ya nakala ya ziada ya jaji. Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa siku ya mwisho. Kwa mfumo, siku huisha saa 6 usiku kwa saa za mahakama. Kwa karatasi, huisha dirisha la karani linapofungwa. Hata ile saa 6 usiku si ya Marekani yote: Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu, iliyoko Philadelphia, tangu Julai 2023 inafunga siku saa 11 jioni.

Kuhesabu siku kuna mtego ambao huwanasa hata wasaidizi wa mawakili. Siku ya tukio haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Siku ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu ya shirikisho, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hapo wengi wapo sawa. Mtego uko kwenye zile siku 3 za nyongeza za Kanuni ya 6(d). Hutolewa pale muda unapoanzia siku uliyoletewa hati, na hati ikaja kwa posta. Kwa njia ya kielektroniki ziliondolewa Desemba 2016. Kujibu maswali ya upande wa pili una siku 30 tangu kuletewa, basi yakija kwa posta ongeza 3. Lakini kujibu maombi yaliyopelekwa mahakamani, LR 7.1(e) inakupa siku 21 tangu maombi yalipowasilishwa, si tangu yalipokufikia. Hapo huongezi kitu, hata bahasha ikikaa wiki nzima kwenye sanduku lako.

Kabla ya kuwasilisha chochote, ficha yanayotakiwa kufichwa na Kanuni ya 5.2: namba ya hifadhi ya jamii ibaki na tarakimu 4 za mwisho, akaunti ya benki vilevile, tarehe ya kuzaliwa ibaki mwaka, jina la mtoto libaki herufi za mwanzo. Hati zako za mshahara zimejaa hayo yote. Na usichore kisanduku cheusi juu ya maandishi ya kompyuta ukadhani yameondoka. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha hati ya namna hiyo, na waandishi wa habari wakanakili maneno yaliyokuwa chini ya wino.

Kama uliandika hoja zako kwa msaada wa programu ya akili mnemba, LR 7.2(f) ya wilaya yako inakutaka useme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Nyingine hazidai hivyo. Programu hizo hukutajia kanuni ya Florida kwa sauti ileile ya uhakika kama ya Dallas, na wakati mwingine hukutungia shauri lisilokuwepo. Katika Mata dhidi ya Avianca, New York, mwaka 2023, mawakili walitozwa dola 5,000 kwa kutaja maamuzi ambayo hayajawahi kutolewa na mahakama yoyote.

Kusoma faili lako kupitia PACER, mfumo wa mtandaoni wa mafaili ya mahakama za shirikisho, ni senti 10 kwa ukurasa, kikomo dola 3 kwa hati, na usipozidisha dola 30 katika robo ya mwaka hulipi kitu. Hati nyingi zinapatikana bure pia kwenye tovuti ya CourtListener. Itumie hiyo kutafuta amri za hakimu wako mwenyewe katika mashauri ya kazi yanayofanana na lako. Saa moja ya kusoma alivyowajibu wengine itakufaa kuliko kanuni ishirini.

Sasa ile barua yako ya kudai video. Ilikuwa na matatizo mawili zaidi ambayo amri ya mahakama huenda haikuyagusa. Kwanza, maombi ya ushahidi na majibu yake hayapelekwi mahakamani. Kanuni ya 5(d)(1) inakataza mpaka yatumike kama kielelezo au jaji aagize. Ni kati yako na wakili wao. Pili, ulidai mapema mno. Kwa Kanuni ya 26(d) hakuna kudaiana ushahidi kabla ya mkutano wa Kanuni ya 26(f), ule ambao pande mbili hupanga mwendo wa shauri na ushahidi, isipokuwa maombi ya nyaraka, ambayo unaweza kuyatuma siku 21 zikishapita tangu kampuni ilipokabidhiwa hati ya madai, nayo huhesabiwa kama yamefika siku ya mkutano huo. Kampuni ilikuwa na haki ya kunyamaza. Lakini usiitupe barua hiyo, maana inathibitisha kwamba kampuni ilijua tangu siku gani kuwa unazitaka zile video.

Mkutano wa 26(f) ni wako pia, ingawa huna wakili. Lazima ufanyike angalau siku 21 kabla ya kikao cha ratiba au kabla amri ya ratiba haijatakiwa kutolewa, kisha ndani ya siku 14 mnapeleka taarifa ya pamoja. Tangu mabadiliko ya Desemba 2006, taarifa hiyo lazima iseme jinsi ushahidi wa kielektroniki utakavyohifadhiwa na utatolewa kwa umbo gani. Hapo ndipo ile rasimu uliyotumiwa inapoingia.

Rasimu ni rasimu. Wakili akikuandikia kwamba "itifaki hii inatakiwa", muulize kwa maandishi inatakiwa na kanuni ipi. Wilaya nyingine zina hati zao rasmi. Delaware ina kiwango cha msingi kinachozitaka pande zote zitaje watu 10 wenye uwezekano mkubwa wa kushikilia taarifa. Kaskazini mwa Ohio ipo Nyongeza K ya kanuni za wilaya. Kaskazini mwa California kuna orodha ya mambo ya kujadili na mfano wa makubaliano. Unaweza kuazima vifungu humo na kumpelekea mwenzako, hakuna anayekukataza, ila usimwambie hakimu wa Dallas kwamba Delaware inamfunga. Na kumbuka kwamba hati hiyo jaji akishaisaini inageuka amri. Kuivunja baadaye kunakuweka chini ya adhabu za Kanuni ya 37(b). Kwa hiyo isome kama mkataba wa nyumba.

Kifungu cha kwanza cha kukataa ni kile cha kunakili simu nzima. Kanuni ya 34 inawaruhusu kuomba nyaraka na taarifa. Maelezo ya kamati yaliyoambatana na mabadiliko ya 2006 yanasema wazi kwamba hilo halimpi mtu haki ya kawaida ya kuingia moja kwa moja katika mitambo ya mwenzake, na kwamba mahakama ziangalie zisiingilie faragha kupita kiasi. Kanuni ya 26(b)(1) inataka kinachoombwa kihusiane na shauri na kilingane na uzito wake. Wewe toa mbadala: utatoa mazungumzo ya grupu la kazini, na ya mtu mmoja mmoja na wasimamizi na wafanyakazi wenzako, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, yote, mabaya na mazuri. Hilo la mabaya nalisisitiza. Kama uliandika humo kwamba ulichelewa kazini kwa sababu ya sherehe, linatoka nalo. Ukifuta mstari mmoja na mwanagrupu mwingine akatoa nakala yake kamili, utakuwa umewapa sababu nzuri kuliko zote ya kudai simu nzima.

Pingamizi liandike kwa kila ombi peke yake, ukieleza kwa nini, na ukisema kama kuna kitu umekizuia kwa sababu ya pingamizi hilo. Usinakili yale maneno ya jumla ya "napinga kwa kuwa ni pana mno na linasumbua, lakini bila kuathiri pingamizi najibu ifuatavyo". Katika Heller dhidi ya Jiji la Dallas, mwaka 2014, hakimu David Horan wa mahakama hii hii aliandika uamuzi mrefu akiyachambua maneno hayo na kuyakataa. Ni uamuzi wa kusoma mara mbili. Na kampuni ikikujibu kwa mtindo huo, ambao utauona, ndio utakaoutaja kwenye barua yako.

Kifungu cha pili ni umbo la kutolea. Picha za skrini zinakatika, hazina tarehe kamili, na hazitafutiki. Faili la maandishi linalotoka WhatsApp pamoja na folda ya picha na voisi kama zilivyo ni bora, na Kanuni ya 34(b)(2)(E) inaridhika na umbo linalotumika kwa urahisi. Majina ya mafaili yaache yalivyo. Weka namba za mfululizo kwenye kila kitu unachotoa, na ubaki na nakala isiyoguswa. Nao wadai umbo linalotafutika. Barua pepe 2,000 zilizochapishwa na kuskaniwa tena kuwa picha si ukarimu.

Cha tatu hakimo kwenye rasimu, na ni cha bure: omba amri chini ya Kanuni ya 502(d) ya Kanuni za Ushahidi, ili mmoja wenu akitoa kwa bahati mbaya mawasiliano yake ya siri na wakili, siri hiyo isiwe imepotea. Wakili wa kampuni atakubali haraka. Anaihitaji kuliko wewe.

Cha nne kinawahusu wenzako. Ndani ya grupu kuna watu ambao bado wanafanya kazi pale, wengine wameandika habari za vibali na za watoto wao. Omba amri ya ulinzi chini ya Kanuni ya 26(c), ili mazungumzo hayo yasomwe na mawakili na wataalamu wao tu, yasifike kwa meneja wa zamu. Ukiomba kabla ya kutoa, mara nyingi mnakubaliana bila ugomvi. Ukishatoa, umechelewa.

Halafu Kiswahili chenyewe. Unapotoa ujumbe kwa upande wa pili, kwa kawaida unautoa ulivyo. Kanuni ya 34 haikuambii umtafsirie mpinzani wako kwa gharama yako. Lakini siku utakayotaka hakimu ausome, lazima uwe na tafsiri ya Kiingereza ya mtu mwenye ujuzi, iliyoambatanishwa na tamko lake lililosainiwa. Usijitafsirie mwenyewe, wala usimpe binamu. Tafuta mtafsiri anayeelewa namna watu wenu wanavyosema, maana Kiswahili cha Goma na Sheng ya Nairobi katika grupu moja humchanganya mtu aliyejifunzia lugha darasani. Voisi ziandikwe kwanza kwa Kiswahili neno kwa neno, kisha zitafsiriwe, ili mtafsiri wa kampuni apate cha kulinganisha. Na angalia orodha ya maneno ya kutafutia waliyokupendekezea kwenye rasimu. Kama ni ya Kiingereza peke yake, basi kompyuta za kampuni zitatafutwa kwa Kiingereza peke yake, na msimamizi aliyekuwa akiwaandikia watu wa zamu ya usiku kwa Kiswahili hatapatikana. Ongeza maneno yenu, pamoja na tahajia mnazotumia kweli kwenye simu: kz, bossi, meneja, na majina ya utani ya wasimamizi.

Andika leo barua ya kuitaka kampuni ihifadhi ushahidi, hata kama uliwahi kuandika. Taja kamera za mlango wa kupakia na tarehe unazozitaka, maana mifumo mingi ya kamera hurekodi juu ya picha za zamani yenyewe. Taja kumbukumbu za kuingia na kutoka kazini, soga za kazini, na simu binafsi za wasimamizi wawili wanaohusika, kwa sababu wakili akikuambia kampuni haina WhatsApp atakuwa anasema kweli kuhusu kampuni tu. Itume kwa barua pepe kwa wakili, si kwa meneja. Mwenye wakili husemeshwa kupitia wakili wake. Kisha baada ya mkutano wa 26(f) tuma upya maombi yako ya nyaraka, ngoja siku zao 30, mpigie simu, andika saa na alichosema, na hapo ndipo maombi yako yarudi kwa hakimu yakiwa na cheti, rasimu ya amri na barua zako zote kama vielelezo. Kabla ya kuyawasilisha soma masharti yake mara ya mwisho, maana wapo mahakimu wanaotaka mgogoro wa ushahidi uletwe kwa barua fupi au hati ya pamoja badala ya maombi, na wa kwako akiwa miongoni mwao, hata cheti kizuri hakitakuokoa.

Na kama unaweza kumpata wakili wa kukusaidia jambo moja tu bila kuchukua shauri zima, mpe hiyo rasimu ya makubaliano aisome kabla hujasaini.